Kufunga na Kufungua: Zizi, Samadi na Ngitili Katika Nchi ya Tinde

Tinde hakuna mabanda ya farasi. Kuna punda. Pale njia panda, ambapo barabara inayotoka Nzega inagawanyika, mkono mmoja ukienda Shinyanga mjini na Mwanza, mwingine ukienda Isaka, Kahama na mwisho wake Rwanda, malori ya mizigo hupishana na punda waliobeba madumu ya maji. Farasi hakuingia katika picha hiyo, na kwa sehemu kubwa ni mbung'o aliyemzuia. Henry Morton Stanley alipoondoka pwani mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walimfia njiani kabla hajafika Unyanyembe. Nchi za bara zilikuwa za mtembea kwa miguu, za punda, na pale ambapo pori lilisogezwa mbali, za ng'ombe.

Nalitaja farasi kwa sababu. Siku hizi ukitafuta mwongozo wa kutunza banda la mifugo bila kuharibu mazingira, mingi utakayoipata imeandikwa kwa ajili ya wenye farasi wa Ulaya na Marekani. Ushauri wake ni mzuri na ni mfupi: funika samadi isioshwe na mvua, pumzisha malisho kwa zamu, panda uzio ulio hai badala ya kukata miti, weka banda mbali na chanzo cha maji. Umeandikwa kana kwamba ni mambo ya usafi tu, kama kupiga mswaki. Shinyanga mambo hayo manne yana historia ya sheria, faini, watu kuhamishwa kwa nguvu, na chama cha siasa kupigwa marufuku. Nimekuwa nikiisoma historia hiyo kwa miaka miwili sasa, na kila ninapoirudia naona swali lake si mbinu gani ni bora. Mbinu zilijulikana. Swali ni nani anayeruhusiwa kufunga majani, na nani anayeyafungua.

Tuanze na zizi lenyewe. Kaya ya Kisukuma ya zamani ilizungushiwa minyaa, ule mmea wa kijani usio na majani ya maana, wenye utomvu mweupe unaounguza macho. Mbuzi hawaugusi. Ukiukata unachipua, ukichomeka kijiti chake ardhini mvua zinapokaribia, kinashika bila kumwagiliwa. Ndani ya uzio huo ndimo zilimokuwa nyumba, vihenge vya nafaka na zizi. Zizi nalo lilikuwa na uzio wake wa magogo na matawi ya miba, na hapo ndipo gharama ilipojificha. Miba huliwa na mchwa na kuoza. Kila kiangazi mtu lazima aingie porini akakate migunga mingine. Zizi moja si kitu, lakini mazizi ya kata nzima, mwaka baada ya mwaka, hula msitu polepole bila mtu yeyote kujiona mharibifu. Minyaa haili msitu. Ndiyo maana naiona kuwa uvumbuzi mkubwa kuliko inavyohesabiwa: uzio unaojikarabati wenyewe.

Samadi ilibaki palepale iliposhuka. Ng'ombe waliingia jioni, wakalala, wakatoka asubuhi, na sakafu ya zizi ikazidi kupanda. Baada ya miaka kadhaa zizi lilihamishwa, na mahali lilipokuwa palilimwa mahindi, tumbaku au mboga. Hakuna aliyebeba samadi kwenda shambani. Shamba ndilo lililofuata samadi. Utaratibu huo unawezekana pale tu ambapo ardhi inatosha kuhamia, na neno hilo "inatosha" ndilo litakaloleta taabu baadaye.

Halafu kulikuwa na ngitili. Wengine huandika ngitiri. Ni neno la Kisukuma na wenyewe hawagombani juu ya herufi moja. Mvua zinapoanza, mwenye kaya hufunga kipande cha ardhi, mara nyingi karibu na nyumbani, asiingize mnyama. Majani hukua, hukomaa na kukauka yakiwa yamesimama. Kwingine kote kukishabaki vumbi, kuanzia Julai au Agosti hivi, ngitili hufunguliwa, kwanza kwa wale wasioweza kwenda mbali: ndama, ng'ombe wagonjwa, maksai watakaohitajika kulima mvua zikirudi. Ni ghala la majani. Ukubwa wake hupimwa kwa mahitaji ya kiangazi, na uzio wake ni kule kujua kwa majirani kwamba pamefungwa. Miti nayo, kwa kuwa haikanyagwi wala haichungwi wakati wa kuchipua, huota humo bila kupandwa na mtu.

Mfumo huu ulifuata udongo. Wasukuma wana majina ya udongo ambayo wataalamu wa kikoloni waliyachukua moja kwa moja na kuyaweka katika ripoti zao: luseni, mchanga wa juu karibu na vilima, itogolo, ule mgumu unaotuamisha maji, ibushi, wenye chokaa, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi. Kaya ilikaa juu, mazao yakashuka nayo, majani ya kiangazi yakawa chini. Mtu aliyejua majina hayo alijua pia pa kuweka zizi ili mkojo na samadi visitiririkie kisimani.

Si kwamba ilikuwa bustani ya Edeni. Mwaka 1890 na 1891 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua ng'ombe kwa wingi usiosimulika. Ng'ombe walipokwisha, hakukuwa na wa kula majani wala wa kukanyaga vichaka vichanga. Njaa na maradhi vikapunguza watu waliokuwa wakifyeka. Pori likarudi, na ndani ya pori akarudi mbung'o. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza jambo hili kwa mapana: kwamba jamii za Tanganyika zilikuwa zimeidhibiti mazingira yao, na udhibiti huo ulivunjika mwishoni mwa karne ya 19. Amekosolewa kwa kuupamba mno wakati wa kabla ya ukoloni, na nadhani wakosoaji wana hoja. Hata hivyo kwa Shinyanga sehemu ya pili ya dai lake haipingiki kirahisi. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuta mbung'o anasonga mbele na wafugaji wanarudi nyuma.

Hapo anaingia Charles Swynnerton. Alikuwa ofisa wa wanyamapori aliyegeuka kuwa mtafiti wa mbung'o, na Shinyanga ndiyo iliyokuwa maabara yake. Idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika ilikuwa na makao yake Shinyanga ya Zamani. Mbinu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kufyeka: watu waliitwa kupitia kwa watemi wao, Mtemi Makwaia wa Usiha akiwa miongoni mwa walioshirikiana naye, nao wakatoka kwa maelfu na mapanga na mashoka. Ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Ilikuwa moto wa kuchelewa. Badala ya kila mtu kuchoma majani mapema kiangazi kinapoanza, eneo zima lilizuiwa lisichomwe mpaka majani yawe yamekauka kabisa, kisha likawashwa kwa pamoja, moto mkali wa kuua vichaka.

Tazama mbinu hiyo kwa makini. Majani yanafungwa. Watu wanakatazwa kuyagusa mpaka mwezi uliopangwa. Kisha yanafunguliwa. Nidhamu ni ileile ya ngitili, ila mwenye ngitili hufungua ili ndama ale, na Swynnerton alifungua ili miti ife. Sisemi aliiga, sina ushahidi huo. Nasema kwamba alikuta watu ambao tayari walijua maana ya kuambiwa "pamefungwa", na jambo hilo lilimrahisishia kazi.

Ilifanikiwa. Hilo ni lazima lisemwe wazi, maana siku hizi tunapenda kusimulia kila kazi ya kikoloni kama ujinga mtupu. Mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, watu wakahamia ardhi iliyofunguliwa, pamba ikafuata. Swynnerton alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938 hapa Tanganyika. (Mwanawe Roger ndiye aliyekuja kuandika mpango wa kilimo wa Kenya wa mwaka 1954, ule unaoitwa kwa jina la familia.) Kazi iliendelea bila yeye, na ikawa kali zaidi: katika miaka ya 1940 lilifanyika jaribio Shinyanga la kuua wanyamapori ili mbung'o akose damu ya kunywa, na maelfu ya wanyama walipigwa risasi. Kwa hiyo ile Shinyanga nyeupe isiyo na mti, ambayo baadaye tungeambiwa ni matokeo ya wafugaji wasiojali, kwa sehemu kubwa ilitengenezwa. Ilitengenezwa kwa makusudi, kwa bajeti, na kwa sababu zilizoonekana nzuri kwa watengenezaji na kwa wafugaji wengi pia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iligundua kwamba ng'ombe wamekuwa wengi mno. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulianza mwaka 1947, makao yake yakiwa Malya, ambako shirikisho la watemi wa Usukuma nalo lilikuwa na baraza lake. Ukisoma masharti yake leo, bila kujua mwaka, ungedhani yameandikwa na shirika la mazingira. Lima kwa matuta yanayozuia maji. Panda muhogo kwa ajili ya njaa. Usilime kwenye mkondo wa maji. Punguza mifugo. Na lile linalotuhusu zaidi: toa samadi zizini, uipeleke shambani.

Kisayansi amri ya samadi ilikuwa sahihi. Luseni ni udongo maskini, unachoka haraka, na majaribio ya Ukiriguru karibu na Mwanza yalionyesha jinsi samadi inavyouamsha. Ardhi ya kuhamishia mazizi ilikuwa inakwisha. Shamba lisingeweza tena kulifuata zizi, kwa hiyo ilibidi zizi lilifuate shamba. Lakini fikiria kazi yenyewe. Samadi ya zizi si unga. Ni tabaka gumu lililokanyagwa, la kuchimbwa kwa jembe, zito likiwa na maji, na hutolewa mwishoni mwa kiangazi, mwili ukiwa umechoka na chakula kimepungua. Wengi hawakuwa na mikokoteni. Walibeba kwa vikapu, na mara nyingi kichwa kilichobeba kilikuwa cha mwanamke. Mwenye ng'ombe wengi alikuwa na samadi na watu wa kumsaidia. Mwenye ng'ombe wawili alikuwa na samadi kidogo na mikono yake mwenyewe. Asiye na ng'ombe je? Sheria ni moja kwa wote, na asiyetimiza hushtakiwa katika baraza la mtemi, hulipa faini.

Watemi na wanangwa, waliokuwa wakiheshimiwa kwa sababu walitatua kesi na kugawa ardhi, sasa wakawa wakaguzi wa samadi. Sidhani kuna njia ya haraka zaidi ya kuua heshima ya kiongozi wa kijadi. Manung'uniko yakaingia katika Sukuma Union, kisha katika TANU. Serikali ilikataa kuisajili TANU katika Usukuma tangu 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 ghasia zikalipuka Geita, chanzo cha karibu kikiwa baraza jipya la wilaya lililochanganya rangi zote. Andrew Maguire, aliyeandika kitabu kizima kuhusu siasa za Usukuma za miaka hiyo, anaonyesha jinsi kero za kilimo na mifugo zilivyoungana na hasira hiyo. Masharti mengi yalilegezwa. Matuta yakaachwa. Na samadi ikanuka siasa kwa muda mrefu: kuirudisha zizini ilikuwa namna ya kusema tumejitawala.

Uhuru ulipopatikana, serikali mpya nayo ilikuwa na mpango wake kwa kaya. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilifika Shinyanga. Watu waliokuwa wametawanyika, kila kaya na minyaa yake, walihamishwa kwenda kukaa kwa mistari kandokando ya barabara na huduma. Shule na zahanati zilisogea, hilo ni kweli. Lakini ngitili ilikuwa inalindwa kwa macho: ilikuwa karibu na kaya ili mwenyewe aione. Ukimhamisha mtu kilomita kadhaa, ngitili yake inakuwa ya yeyote atakayewahi. Mazizi nayo yakasongamana kijijini, ng'ombe wa kaya nyingi wakitoka asubuhi kwa njia moja na kurudi jioni kwa njia ileile, na njia hiyo ikawa korongo mvua zilipokuja. Mahali pengi ukipita leo unaweza kuona mstari wa minyaa mikubwa uliozunguka kitu ambacho hakipo. Minyaa haikuambiwa ihame.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuni zilikuwa zimeadimika kiasi kwamba wanawake walipikia mabua ya pamba na samadi kavu. Mabua ya pamba si hasara kubwa, maana kanuni za zao zilitaka yang'olewe na kuchomwa kila mwaka ili wadudu wafe. Samadi ni hasara. Ikiwaka jikoni, rutuba ambayo ingeingia shambani inapanda angani na moshi, na moshi wenyewe unaingia kifuani mwa mpishi. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru mkoa huu, akaona vumbi, na tangu hapo maneno "jangwa la Tanzania" yakaambatana na jina la Shinyanga. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi, baadaye kwa msaada wa Norway na utaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo-misitu cha ICRAF kutoka Nairobi.

HASHI ilianza kama miradi mingi inavyoanza: vitalu vya miche. Miti ya kigeni ikaoteshwa, ikagawiwa, ikapandwa kwa kampeni, na mingi ikafa au ikaliwa na mbuzi. Kilichouokoa mradi ni kwamba waliokuwemo walikubali kuuliza watu kabla hawajagawa miche mingine. Watu wakataja ngitili. Haikuhitaji mche wala maji. Ardhi ya Shinyanga ilikuwa bado na visiki hai na mbegu chini ya vumbi. Ilihitaji kufungwa tu. Ukifunga kipande, msimu wa kwanza unapata majani, baada ya miaka michache unapata migunga ya kimo cha mtu. Kanuni zikapangwa na vijiji vyenyewe, zikajadiliwa katika dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na waliozisimamia walikuwa mara nyingi sungusungu, jeshi la jadi lililokuwa limezaliwa miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Aliyeingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa alitozwa na wenzake.

Takwimu zinazotajwa sana ni hizi: mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa mkoani zilikuwa takriban hekta 600; mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 350,000, katika vijiji zaidi ya 800. Nashauri zisomwe kwa tahadhari kidogo. Kilichorekodiwa 1986 si lazima kiwe ndicho kilichokuwepo. Mtu aliyewahi kutozwa faini kwa sababu ya zizi lake hana sababu ya kumwonyesha ofisa mahali alipoficha majani. Huenda sehemu ya ongezeko ni watu kuacha kuficha. Kwangu hilo halipunguzi uzito wa habari. Linauongeza. Utafiti ulioongozwa na Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kwamba ngitili zilimpa kila mtu thamani ya dola 14 hivi kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Ndani ya thamani hiyo mna kuni, dawa, asali, matunda, nguzo, na majani ya kuezekea. Malisho ni sehemu tu.

Kwa hiyo mambo yaleyale, kufunga malisho, kuacha miti, kutunza samadi badala ya kuichoma, yaliyokataliwa kwa ghasia mwaka 1958 yalipokewa miaka 30 baadaye. Maelezo ya kawaida ni kwamba watu walielimishwa. Siyaamini. Babu zao walikuwa wanajua. Tofauti ni kwamba safari hii tarehe ya kufungua haikupangwa Malya wala Dar es Salaam.

Ila nisiimalize habari hapo kama waandishi wa ripoti wanavyopenda, kwa sababu ngitili haikuwatendea wote sawa. Mwenye ardhi kubwa alifunga kubwa. Mwenye ekari tatu hawezi kufunga moja akala mbili. Ardhi ya wazi iliyobaki kwa wasio na ngitili ilizidi kuwa ndogo kadiri wenye nayo walivyofunga, na wengine walianza kununua haki ya kulisha kwa msimu kutoka kwa jirani ambaye zamani wangechunga kwake bure. Wanawake, ambao kuni za karibu ziliwapunguzia mwendo kweli, kwa kawaida hawakuwa wenye kauli juu ya lini pafunguliwe. HASHI ilifungwa mwaka 2004, na kanuni zilizosimama juu ya posho na magari ya mradi zilionekana haraka zaidi kuliko zile zilizosimama juu ya dagashida.

Kisha kuna dhahabu. Tinde iko kwenye njia ya kuelekea Kahama na Geita, na ukanda ule unakula mti kwa njia mbili. Mashimo ya wachimbaji wadogo, maduara kama wanavyoyaita, hushikiliwa na matimba, magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na timba zuri hutoka katika mti ulionyooka wa umri ambao ngitili iliyotunzwa miaka 15 au 20 inao. Watu walioko machimboni nao hupika, na hupikia mkaa. Mwenye ngitili anayesomesha watoto hupigiwa hesabu mbili mlangoni kwake: kungoja Agosti ndama wale, au kumwuzia mtu wa lori leo.

Hata punda ameingizwa katika hesabu hizo. Yeye ndiye aliyetatua tatizo ambalo Malya ilishindwa kulitatua, la nani abebe samadi. Punda wawili na mkokoteni hutoa zizini kwa siku moja kile ambacho mama na watoto wangebeba kwa wiki. Lakini biashara ya ngozi za punda kwenda China, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya kienyeji ya huko, ilifika hadi mkoani Shinyanga, kukawa na machinjio, punda wakaibwa usiku na bei yake ikampita mkulima. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara hiyo barani. Wizi haukomi kwa azimio, lakini angalau safari hii amri kutoka mbali imeelekea upande wa mwenye zizi.

Kuhusu zizi lenyewe, mengi mazuri yanafanyika bila mradi. Wapo wanaomwaga mabua ya mahindi zizini ili yanywe mkojo, kisha wanayatoa na samadi na kuyarundika kivulini, wakiyafunika kwa majani au udongo. Ile harufu inayouma pua karibu na rundo lililoachwa juani ni naitrojeni inayotoroka, na anayelifunika anajua hilo hata kama hana jina la kitaalamu. Wapo wanaorudishia minyaa kwenye mapengo. Wapo pia wanaojenga zizi la mabati na nguzo za kununua, ambalo halikati mgunga hata mmoja lakini huchemka mchana, na ndama hawalali ndani yake.

Linalobaki wazi ni urithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mtu nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na ngitili inaweza kuandikwa humo. Baba mwenye hekta nne za ngitili na wana watano anaweza kuiandikisha kwa jina lake leo. Akifa, hekta nne kwa watano si ngitili tena. Ni vipande vitano vya mahindi yasiyotosha. Baadhi ya koo zimeanza kukubaliana kwamba mashamba yagawanywe na ngitili ibaki moja, ndugu wote wakipeana zamu ya kulinda na kukaa pamoja kila mwaka kuamua lini ifunguliwe. Kikao hicho hufanyika kiangazi, na siku hizi kaka mmoja au wawili huhudhuria kwa simu, wakiwa machimboni.